Ndoto Yenye Kiraka

Saa nane mchana, wakati wenye kazi zao walikuwa kazini, Chuo cha Tiba ya Anga kilikuwa kimelala fofofo. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wamejinyoosha kwenye vitanda vyembamba, mablanketi mpaka kidevuni kwa sababu baridi ya Kitulo haina utani, na kila mmoja alikuwa amevaa kofia laini ya kijivu iliyobana masikio. Nje ukungu ulikuwa umeshuka ukayafunika maua ya uwandani yote. Ndani, mikono kumi na tisa ya kulia ilicheza polepole juu ya mablanketi, yote kwa pamoja, ikimpasua mtu ambaye hakuwapo.

Daktari Tusekile Mwakalobo alipenda kupita katikati ya vitanda saa hiyo, akitembea kwa soksi. Mwendo ule wa mikono ulikuwa wake. Miaka tisa nyuma, ndani ya kituo cha Kimondo kilichokuwa kikiizunguka dunia, alimfanyia fundi mmoja upasuaji wa kidole tumbo, akawa mtu wa kwanza kufanya upasuaji wa kweli angani. Kofia aliyovaa siku ile ilikuwa ya kupima uchovu wake tu. Kumbe ilikuwa imenasa kila kitu: alichokiona, alichokisikia, kisu kisicho na uzito, matone ya damu yanayoelea badala ya kudondoka. Aliporudi chini, yeye na mwenzake Elinami Mshana waligundua kwamba kumbukumbu ile inaweza kupandwa katika usingizi wa mtu mwingine. Mwanafunzi akiiota mara arobaini, mikono yake huijua kazi kabla yeye mwenyewe hajaijua.

Kutoka hapo ikazaliwa kampuni, na kampuni ikazaa chuo. Daktari wa wilaya aliyezoea kushona majeraha kwa mwanga wa tochi akajikuta mkurugenzi na mkuu wa chuo, mtu wa kualikwa kufungua mikutano na kukata utepe. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa na maneno yao. Walikiita Chuo cha Walalao, na mzazi akimkuta mwanawe kitandani mchana alimwuliza kama siku hizi anasomea udaktari. Tusekile alicheka kila alipousikia utani huo.

Kitu kimoja cha chuo kile kiliwachukua wageni muda kukitambua. Hapakuwa na mtu aliyesema neno "tayari". Wapishi walisema chakula kimeiva. Dereva alisema gari linanguruma, twendeni. Hapakuwa na tangazo wala katazo. Ila wafanyakazi wa zamani waliona kwamba neno hilo likitajwa mbele ya Daktari, au mbele ya Bwana Mshana, uso hukunjamana kama wa mtu aliyeguswa jino bovu. Basi wakaliacha, na waliokuja baadaye wakaiga.

Mikono ilifika pale mahali. Tusekile alipajua bila kutazama saa: mgonjwa ameshafungwa mikanda, kisu bado. Mikono yote kumi na tisa ilisita, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato, kisha ikaendelea. Kila siku, ikifika hapo, yeye aligeukia dirisha akatazama ukungu. Siku hiyo aligeuka kama kawaida, lakini akasikia kitanda kikilia nyuma yake.

Sikudhani Lugendo alikuwa ameketi, kofia mkononi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, hodari kuliko wenzake wote, na baada ya wiki mbili alikuwa apande kwenda Kimondo kuwa daktari pekee wa kituo kwa mwaka mzima. Mkono wake wa kulia alikuwa ameubana kwapani kuupasha joto.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Umewaacha wenzako kazini."

"Nimejiamsha mwenyewe, naomba radhi." Alishusha sauti ili asiwaamshe wengine. "Daktari, nataka kukuuliza kitu, ila usinielewe vibaya. Hii ndoto ina kiraka?"

Tusekile alikaa pembeni ya kitanda. "Kiraka kivipi?"

"Mama yangu ni fundi cherehani, kule Matombo. Nimekulia chini ya meza yake. Kiraka kishonwe vizuri namna gani, ukipitisha kidole unakijua. Sasa pale kabla ya kisu, macho yanaona sawa, masikio yanasikia feni. Lakini mkono unakuwa wa baridi, na kidole gumba kinataka kusukuma kitu. Na cha kusukuma hakipo."

"Imekutokea mara ngapi?"

"Mara zote arobaini na mbili. Na wenzangu pia, ila wanaogopa kusema. Wanadhani ndivyo inavyotakiwa." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Baridi sio shida yangu, mama. Nawaza tu, nikifika kule juu na mtu wa kweli mbele yangu, mkono ukaniganda pale pale, nani ataniambia chini ya kiraka kuna nini?"

Jibu lilikuwepo, limetungwa miaka mingi: ni uchovu, mwanangu, ubongo hupumzika kidogo katikati ya ndoto ndefu. Lilifika mpaka ulimini. Tusekile alimtazama yule binti akipuliza vidole vyake, likamkwama.

"Nipe wiki moja," alisema.

*

Elinami Mshana alikuwa akimenya tofaa kwa kisu kidogo, ganda likining'inia kama utepe mmoja mrefu. Alikuwa Mpare wa Usangi, mtu wa maneno machache na mashine nyingi. Kule Kimondo alikuwa fundi wa kompyuta na msaidizi wa tiba, kwa sababu kituo kidogo hakina nafasi ya mtu mwenye kazi moja. Alisikiliza habari ya Sikudhani mpaka mwisho, na ganda halikukatika.

"Mtoto wa fundi cherehani," alisema. "Ndiyo maana."

"Uliniambia hakuna atakayejua."

"Nilikata picha, nikakata sauti, bila kuthubutu kuzitazama wala kuzisikiliza, nikatia badala yake sekunde kumi na moja za siku ile uliyofanya mazoezi kwa sanamu ukiwa na kofia ile ile. Lakini kumbukumbu ya mkono haikai na picha, dada. Inakaa chini zaidi. Huko mkasi wangu haukufika."

Miaka tisa walikuwa wamefanya kazi ukuta kwa ukuta, wakaleleana watoto, wakazikiana wazazi, na sekunde zile hawajawahi kuzitaja kwa majina yake. Zilikuwa hivi.

Makame Haji, fundi mitambo, mtu wa Pemba, alikuwa amefungwa mikanda mezani, kidole tumbo kikiwa karibu kupasuka. Dawa ya usingizi ya kule juu haitolewi sindano mbili kwa pamoja. Mwili usio na uzito damu yake hukusanyika kifuani na kichwani, na kipimo kidogo hufika mbali. Elinami alikuwa amekwisha kumchoma. Kisha, kama kanuni inavyotaka, akajaza sindano ya pili ya akiba, kwa ajili ya saa ya mbele kama kazi ingerefuka, akaibana kwenye sinia. Tusekile alikuwa amewapa mgongo, anavaa glavu. Akauliza, "Dawa tayari?" Elinami, macho kwenye skrini, akajibu, "Tayari." Yeye alimaanisha imeshaingia mwilini. Tusekile alisikia kwamba imeandaliwa. Akageuka, akaona sindano imejaa, akaishika, akautafuta mshipa, akasukuma.

Moyo wa Makame ulisimama dakika sita. Waliurudisha. Kisha, kwa kuwa tumbo halingoji, Tusekile alifanya upasuaji ule ambao dunia nzima iliushangilia, mikono yake ikiwa imetulia kwa namna ambayo mpaka leo inamtisha akiikumbuka. Taarifa waliyoiandika ilisema moyo ulisimama kwa muda kutokana na mabadiliko ya mwili angani. Ukiisoma huwezi kuonyesha neno la uongo. Wanafunzi walifundishwa hivyo hivyo, wakaota namna ya kuufufua moyo bila kuambiwa ulizimwa na nini. Makame alishuka duniani hai, akitembea, akila, lakini usemi wake haukushuka naye.

"Nataka uzirudishe," alisema Tusekile.

Elinami aliweka kisu chini. "Unajua ndoto ile ilivyo. Ndani yake hakuna wewe. Mtoto hatakuona wewe ukikosea akajifunza. Atakosea yeye. Atasukuma yeye, kwa kidole chake, na ataamka akiwa amemzima mtu. Hilo jambo limekuinamisha mgongo wewe, mtu mzima, uliyelifanya kweli. Unataka kuwatwika watoto wa watu dhambi isiyo yao?"

"Wameshatwikwa baridi wasiyoijua jina."

"Baridi haiui."

"Neno liliua nusu. Na Kimondo watu wanasema Kiswahili kile kile, Elinami."

"Basi waandikie kanuni. Msiseme neno hilo, mwisho."

"Hawalisemi hata sasa. Wanaliepuka kama watoto wanaoepuka chumba ambacho baba amekifunga. Ukiwauliza kuna nini ndani, hawajui."

Elinami alikata kipande cha tofaa akampa. Tusekile alikishika bila kukila.

"Utavuliwa udaktari," alisema Elinami kwa upole. "Na mimi sina pa kujificha, neno lilitoka kinywani mwangu. Chuo kinaweza kufungwa. Hao kumi na tisa warudi kwao na nusu ya elimu."

"Najua."

"Na bado unataka."

"Kuna kitu sijawahi kukuambia." Tusekile alikitazama kile kipande cha tofaa kikianza kupata wekundu wa kutu. "Nilipomshika mkono, Makame alikuwa hajalala kabisa. Alifumbua macho kidogo. Akaniambia tayari, kwa sauti ya chini. Nikamwambia hodari, ndipo nikasukuma. Miaka yote hii, hilo ndilo linalonipa usingizi. Nilikosea, ndiyo, lakini mwenyewe alikuwa ameniruhusu. Aliniamini."

Elinami aliliweka tofaa chini. Alikuwa akimtazama mwenzake kwa macho ambayo Tusekile hakuyaelewa, ya mtu aliyeona jambo akaogopa kulisema.

"Basi kumbukumbu ile sio yako peke yako," alisema hatimaye. "Mwili ni wake, sauti ni yake. Kabla hujawapa watoto, nenda kamwombe."

"Hasemi."

"Mkewe anasema."

Labda alisema hivyo akiamini kwamba Tusekile hatathubutu. Miaka tisa alikuwa akituma mkono wa Idi, na salamu, na dawa. Mguu wake haukuwa umekanyaga Pemba hata siku moja.

*

Konde, kwao Makame huko Pemba, ilikuwa na harufu ya karafuu. Zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kila mahali, mbele ya milango na pembeni mwa barabara, na gari lililomleta Tusekile lilipita kwa adabu, gurudumu moja kwenye majani. Baada ya ukungu wa Kitulo, jua la huku lilimlegeza. Alishuka akihisi kama mtu ambaye hajaamka vizuri, na nyumba, kuku, watu waliomwamkia, vyote vilimjia kwa mbali.

Bi Mize Khamis alikuwa barazani akichambua vikonyo vya karafuu. Mwanamke mwembamba, wa miaka hamsini na kitu, kanga mabegani. Hakuinuka.

"Daktari. Leo umeiona njia."

"Nimeiona, Bi Mize. Nimechelewa."

"Karibu, kaa kitako. Mwenye nyumba ndo huyo."

Makame alikuwa kwenye kiti cha kusukwa kwa miwaa karibu na mlango, kofia safi kichwani, msuli umekunjwa vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo, mvi zimeingia kidevuni, lakini alikuwa ni yeye. Alimtazama Tusekile kwa muda mrefu.

"Tayari," alisema.

Tusekile alikaa ukingoni mwa baraza.

"Usishtuke, ndo neno lake," alisema Bi Mize, mikono ikiendelea na kazi. "Hana jengine. Asubuhi tayari, mchana tayari, n'kimlisha tayari. Mabwana wa hospitali walin'ambia mtu akipotewa na usemi, mara nyengine neno moja hubaki. Basi kwake limebaki hilo."

"Na wewe unalichukuliaje?"

"Mwanzo n'kidhani ataka kurudi kazini. N'kamfungia begi, nguo mbili tatu, kikoi, msuwaki. N'kimtoa mpaka mlangoni tukakaa hapa, yeye na begi lake, mpaka achoke. Likawa ndo desturi. Hata leo begi liko nyuma ya mlango, limefungwa." Alipuliza vumbi la karafuu kiganjani. "Lakini mimi si mtoto, Daktari. N'shaijua safari anayoisema. Mume wangu aniaga. Kila siku aniaga, mara mia, miaka tisa. Nikiamka usingizini huwa nasikiliza kwanza kama yupo. Haya, mtu afanye nini na hilo?"

"Tayari," alisema Makame.

Safari hii Tusekile aliona mkono wake. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimeufikia mkono wa kushoto, kikabonyeza ndani ya kiwiko, pale mshipa unapopita. Kilibonyeza, kikatulia. "Tayari." Kikabonyeza tena.

"Na hicho kidole?" Tusekile aliuliza.

"Mazoea tu. N'shampaka kila mafuta hapo, wala hapana kidonda."

Mtu anaweza kukaa na kitu mbele ya macho yake miaka tisa asikione, kwa sababu amekwisha kukipa jina. Tusekile alikuwa amelipa neno lile jina la ruhusa. Sasa alikitazama kile kidole, na ile meza ya Kimondo ikamrudia nzima: feni, mikanda, macho ya Makame yakipigana na usingizi, midomo mizito. Mtu aliyekwisha kuchomwa sindano anamwona daktari wake akija na nyingine. Ana nguvu ya neno moja. Hakuwa akimwambia kwamba yuko tayari. Alikuwa akimwambia kwamba ameshapewa.

Kile kilichokuwa kikimlaza usingizi ndicho kilichokuwa kikimshitaki.

"Bi Mize," alisema. "Haagi. Mumeo haagi."

Kisha akamwambia. Alimwambia yote kwa mpangilio, kama alivyozoea kuwaeleza ndugu wa mgonjwa, bila maneno ya kitabibu: sindano ya kwanza, sindano ya akiba, swali, jibu, na neno la Makame. Alimwambia taarifa iliyoandikwa na kile ambacho hakikuandikwa. Mikono ya Bi Mize ilikuwa imeacha kuchambua. Kuku alipanda kwenye jamvi akaanza kuparua karafuu, na hakuna aliyemfukuza.

"Alikwambia," alisema Bi Mize.

"Aliniambia."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Hilo ndilo Tusekile alilokuwa akiliogopa kuliko yote. "Nilimwambia hodari."

Bi Mize aliinuka akaingia ndani. Alikaa huko muda ambao Tusekile hakuweza kuupima. Aliporudi alikuwa na begi la turubai la kahawia, lililopauka pembeni, akaliweka sakafuni katikati yao.

"Miaka tisa," alisema. Sauti haikupanda. "Watuma mkono wa Idi, watuma dawa, nami nakuombea dua. Nasema, daktari yule ana imani, ana huruma na sisi. Kumbe mimi nalala na jicho moja wazi, na wewe wajua."

"Maana yake sikuijua mpaka leo. Lakini kosa nililijua. Ndiyo."

"Wataka nikusamehe?"

"Sikuja kwa hilo. Nimekuja kuomba kitu kigumu zaidi." Akamweleza habari za wanafunzi, na kiraka, na baridi, na yule binti anayepanda baada ya siku chache. Akamweleza pia hofu ya Elinami, kwamba watoto wataamka na damu ya mtu mikononi. "Sauti ni ya Makame. Mkisema hapana, haitatoka. Nitawaambia wanafunzi kwa mdomo tu, watasikia watakavyosikia."

Bi Mize alimtazama mumewe. "Hao watoto, wakiota, wataisikia sauti yake? Ile yenyewe?"

"Ile yenyewe."

"Mimi n'shaisahau." Alifunika mdomo kwa pembe ya kanga, akakaa hivyo, kisha akaishusha. "Basi waote. Lakini wasiamke peke yao. Kila mmoja akifumbua macho akukute kitandani mwake, wewe, si mtu mwengine, umwambie: yule aitwa Makame Haji, alisema, hakusikilizwa, na aliyemchoma ni mimi, si wewe. Kila mmoja. Wakiwa mia, mara mia."

"Nitafanya hivyo."

"Na kabla hujenda, mjibu mwenyewe. Tangu huko juu angoja jibu."

Tusekile alipiga magoti mbele ya kiti cha miwaa. Kwa karibu, macho ya Makame yalikuwa yale yale, yakipigana na kitu. Kidole kilikuwa kwenye kiwiko.

"Ni kweli, Makame," alisema. "Ulikuwa umeshapewa. Uliniambia, nami sikusikia. Ulisema sawasawa. Pole sana, ndugu yangu."

Makame alimtazama. Midomo yake ilifunguka kidogo ikabaki hivyo. Kisha kidole kiliinuka kutoka kwenye kiwiko, polepole, na mkono ukashuka ukalala pajani.

Bi Mize alileta chai ya mdalasini, kwa sababu mgeni ni mgeni. Wakanywa watatu. Wale wanawake wawili hawakutazamana. Kila mmoja alikuwa akitega sikio. Chai iliisha, kivuli cha nyumba kikavuka majamvi, gari likaja likapiga honi. Neno halikuja.

*

Elinami alikifumua kiraka mwenyewe, mshono baada ya mshono, mlango wake umefungwa siku nzima. Alipotoka alikuwa na karatasi moja: barua ya kukiri ya Tusekile kwa baraza la madaktari, na chini yake sahihi yake mwenyewe, ambayo hakuombwa.

"Nilikisia," alisema, akiitazama sakafu. "Siku ile uliponiambia kwamba Makame alisema. Nilikisia alimaanisha nini."

"Niliuona uso wako."

"Sikuwa na moyo wa kukuambia."

"Ulinituma kwa aliyekuwa nao," alisema Tusekile, akamshika bega.

Siku iliyofuata, saa nane, aliwaeleza wanafunzi wote kumi na tisa kilichokuwa chini ya kiraka, na kwamba anayetaka kukaa nje akae, hatapoteza kitu. Wawili walitoka, mmoja akilia. Hakuwafuata kwa maneno. Kumi na saba wakavaa kofia, ukungu ukaja madirishani, na mikono ikaanza kucheza.

Ilipofika pale mahali, Tusekile hakugeukia dirisha. Hakuna mkono uliosita. Vidole gumba kumi na saba vilisukuma, taratibu, kwa uhakika, juu ya mablanketi, naye akavitazama vyote mpaka vikafika mwisho. Baadhi ya nyuso zilikunjamana. Kijana mmoja aliguna. Tusekile alikuwa ameshajipangia: wataamshwa mmoja mmoja, na kitanda cha kwanza ni cha Sikudhani.

Yule binti alifumbua macho akamkuta amekaa pale. Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni yakiingia masikioni, wala hakuyafuta.

"Yule aitwa Makame Haji," alisema Tusekile. "Alisema, hakusikilizwa. Na aliyemchoma ni mimi, si wewe."

"Nilimsikia, Daktari." Sikudhani alimgeukia. "Nilimsikia kabisa. Na nilifurahi, unajua? Nilidhani ananipa moyo. Nikamwambia hodari."

"Najua."

"Sasa kule juu nisemeje? Niseme neno gani badala yake?"

"Sema lolote upendalo. Kisha uliza tena. Na mgonjwa akisema kitu, hata akiwa anasinzia, simamisha mkono."

Sikudhani aliutoa mkono wake wa kulia chini ya blanketi akautazama, akaufumba na kuufumbua. "Hauna baridi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeripoti jambo la kawaida. Tusekile alimfunika vizuri, akahamia kitanda cha pili.

Alipomaliza cha kumi na saba, sauti ilikuwa imemkauka. Mlangoni mpishi mgeni, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alichungulia akasema chakula tayari. Vichwa vyote vikamgeukia. Kisha mtu mmoja kutoka vitanda vya nyuma akauliza, "Tayari kimeiva, au tayari kimeliwa?" na kicheko kikawatoka, chembamba, cha watu wenye pua zilizojaa, wakaanza kutafuta viatu vyao.

Tusekile alibaki. Barua kwa baraza ilikuwa imeondoka na gari la asubuhi, na alijua kwamba huenda hiki kikawa kitanda cha mwisho kukalia katika chuo chake. Simu ilitikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka Konde. Aliuweka sikioni, akasikia kwanza kuku, kisha mtu akipumua.

"Daktari. Siku nne hajalisema. Yuko, ala vizuri, jana kacheka na paka. Usiku n'nalala." Akamfukuza kuku. "Lile begi nimelifungua. Nguo zake nimezirudisha kabatini. Kile kikoi kimeliwa na mende, nimekikata matambara."